Kioo cha Pili

12 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kidonda kimepona? Baba bado anakoroma? Mimi mzima, ila macho yananiuma kwa kazi. Maabara tunalinganisha njia mbili za kupima jeni zipi zinafanya kazi ndani ya uvimbe. Ya kwanza, kila sampuli ina kioo chake, kipande chembamba cha kupimia, na rangi moja. Ya pili, uvimbe na nyama isiyo na ugonjwa vinashindana kwenye kioo kimoja: uvimbe tunaupaka nyekundu, mwenzake kijani, na kila jeni inatoka rangi ya aliyeitumia zaidi.

Kile kipande walichokukata titini kimo humo. Haturuhusiwi kujua sampuli ni ya nani, lakini nilichungulia daftari. Kioo cha kwanza kinasema uvimbe wako ni mkali. Cha pili, jeni za hatari zimetoka kijani, maana yake kwenye uvimbe zimelala. Mimi naamini cha pili.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kidonda kimefunga, na baba yako anakoroma mpaka jirani kalalamika. Daktari alitaka nianze sindano zile zinazonyonyoa nywele. Nikamwambia mpimaji ni mwanangu, na kasema uvimbe umelala. Akanuna. Sijarudi tena. Sikukusomesha ili nisikuamini.

Mama yako

20 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nenda hospitali leo, hata kabla hujamaliza kusoma. Kioo cha pili kilikuwa cha marudio. Kwenye marudio tunabadilisha rangi makusudi, uvimbe unapewa kijani, ili rangi yenyewe isitudanganye. Nilisahau. Nilisoma kinyume, Mama. Vioo vyote viwili vinasema mkali. Nilitaka sana upone, nikaona nilichokitaka. Nisamehe.

Mwanao

9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu nisikufiche, si nzuri. Nilikwenda siku ile ile. Ugonjwa umeshafika kwenye ini. Daktari hata hakunigombeza, hapo ndipo nilipojua. Anasema sindano sasa ni kunitesa bure.

Nilikukasirikia siku mbili, tena sana. Ya tatu nikachoka, nikabaki nakuhurumia. Baba yako na dada zako nimewaambia niliacha dawa kwa kuogopa upara. Wameamini, wananijua nilivyo na maringo. Barua zako nimezichoma.

Huko kazini andika ulivyokosea, asije mwingine akasoma kinyume. Hapa nyumbani nyamaza, hata siku ya kuzika. Na uje upesi, nikuone.

Mama yako