Eti Wote Wazima

Blaine, Jumapili, Februari 2015

Nimekasirika mpaka mwandiko unaharibika. Shangazi amepiga simu tena kutoka porini kule nyumbani, anakofyeka shamba jipya na familia yake, mbali na zahanati. "Sisi wazima, wifi," akasema, huku akikohoa vilevile kama mwezi uliopita. Mama, aliyeteleza kwenye barafu huku ughaibuni akavunjika mkono, akajibu, "Hata sisi wazima."

Eti aliye mbali haambiwi ugonjwa, asije akakosa usingizi!

Nikamnyang'anya simu. "Shangazi, mama amefungwa plasta. Na wewe, kikohozi gani hicho kisichoisha?"

Akajibu polepole: "Natema damu, mwanangu. Sijamwambia mtu."

Mama hanisemeshi tangu hapo. Lakini baba amempigia jirani yao kule porini mwenye pikipiki. Kesho shangazi anapelekwa hospitali.