Marashi ya Ijumaa

Janga, Machi 1976

Dada Mwanakheri,

Shikamoo. Huku mihogo imekubali, na kikohozi cha mama kimepungua.

Shemeji yako Hemedi kila Ijumaa anapanda baiskeli, eti anakwenda kuswali msikiti wetu wa zamani kando ya Ruvu, tulikokuwa kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Msikiti hauna hata paa, dada! Na chupa ya marashi mfukoni ni ya nini?

Ijumaa iliyopita nikaazima baiskeli ya Mwalimu Benedikta, nikamfuata kwa mbali. Njia ya mtoni ni tambarare, hata mimi niliyejifunza juzijuzi sikuanguka. Nikapita lile kanisa la wamisionari lililobaki kuta, nikajibanza nyuma ya msikiti.

Kumbe anafagia kaburi la mwanetu Saburi, analinyunyizia marashi! Machozi yakanitoka. Nikajilaumu kwa roho yangu mbaya.

Nataka kumwita, akasogea pembeni. Akafagia kaburi jingine dogo, udongo wake bado mbichi, akalimiminia marashi yote yaliyobaki.

Dada, tangu tuhame, maiti wetu wote tunawazika hapa kijijini.

Sijamuuliza neno. Kesho Ijumaa, nimemwekea mfukoni chupa mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaamina