Hadithi Yako Imetugawanya, Ramazani

Ramazani, mujukuu wangu, mume wangu mudogo,

Usinicheke. Ninaandika kwa alifu na be za chuoni, maana zile herufi zako za Wazungu zilinishinda, na wewe unajua zilinishinda. Soma polepole. Huko uliko sidhani una kazi nyingi.

Nina hasira nawe. Kwanza ulikwenda kufa huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kalani mwenye kalamu mukononi na homa mwilini, na hukutuma hata mutu kusema unaumwa. Wakakuzika watu wasiojua jina la mama yako. Sisi tukaletewa baiskeli na mufuko. Mimi niliyekuosha ulipozaliwa sikukuosha ulipokufa. Hiyo sitaisamehe. Sijui nimunyime nani msamaha, lakini sitaisamehe.

Halafu hadithi yako, ile uliyoipeleka kwa gazeti bila kutuambia.

Tulikuwa tumekwisha kufanya arobaini yako wakati gazeti lilipofika kwa posta. Yuma, mutoto wa mujomba wako, yule aliyesoma misioni, aliona jina lako ndani akalileta mbio toka sokoni. Uwanja ukajaa. Watu wa Kasongo hawakuja wote kwenye kilio chako, ila kwenye hadithi walikuja, hata wale wa mutaa wa pili ambao hawatusalimu. Yuma akasimama, akasoma kwa sauti.

Nitasema kweli, ilikuwa tamu. Yule Mayasa na fundi wake wa cherehani, namna walivyopendana, namna kijana alivyoshona makaki ya askari mpaka macho yakawa mekundu, namna alivyokataliwa na baba ya Mayasa akarudi, akakataliwa tena akarudi. Wanawake waliacha kumenya muhogo. Mimi mwenyewe nililia, na usimuambie mutu. Ikafika siku ya ndoa. Mashahidi wawili wakaenda penye pazia kumuuliza Mayasa kama anamukubali mume. Sisi wote tunajua hapo binti anafanya nini. Ananyamaza. Kunyamaza kwake ndiyo ukubali wake, bibi yake anakohoa kidogo, mashahidi wanarudi barazani, wali unapakuliwa.

Mayasa wako akasema: "Hapana."

Yuma akashusha gazeti. Nikamuambia, "Endelea."

"Imekwisha, Bibi."

"Imekwisha wapi? Geuza!"

Akageuza. Nyuma kulikuwa picha ya sabuni.

Ramazani, wewe mutoto! Unatuvusha muto mpaka katikati halafu unatoboa mutumbwi? Siku ile watu hawakulala vizuri. Fundi Idi alikasirika kuliko wote, akasema, "Kalani alikuwa na neno gani na sisi mafundi? Suruali zake zote nani alizishona?" Mujomba wako akasema uliandika ukiwa na homa, kichwa kilikwisha kuchemka. Wengine wakasema Mayasa amerogwa. Wengine, eti alisikia kijana ana mke mwingine ng'ambo ya Lualaba, na wewe ulimuficha huyo mke ndani ya hadithi kwa makusudi. Jirani yetu Mama Aziza ndiye aliyesimama upande wako, akipiga sufuria na mwiko: "Musumbufu nani hapa? Ameulizwa, amejibu! Kama hamutaki jibu, musiulize!" Mume wake akamuambia akae chini. Hakukaa. Wiki nzima yule bwana alikula muhogo wa kuchoma.

Mimi nilisema Mayasa ni mupumbavu. Mutu amekupenda vile, unamuaibisha mbele ya watu? Na leo bado ninasema.

Lakini dada yako Salima alisikiliza kila neno. Alikuwa anasugua vyungu kwa mchanga, anasugua kile kile kimoja.

Wewe uliondoka bila kujua habari ya Bwana Amuri, basi ninakuambia. Ni yule muuza vitambaa wa Kabambare, mwenye wake wawili na meno machache. Alimutaka Salima. Baba yako akamukubali, na usimuhukumu haraka. Shamba letu la pamba, ile ya lazima ya Leta, serikali ya Wazungu, ni baya, jiwe tupu, na kila mavuno kapita, musimamizi wao, anapima kikapu chetu na kutikisa kichwa. Amuri ni rafiki ya kapita, wanakula sahani moja. Baba yako aliona hivi: nikiwa mukwe wa Amuri, mugongo wangu utapona chikoti cha kapita. Wewe ulikuwa tegemeo lake, na wewe hauko tena. Alibaki na binti na pamba.

Vitambaa vya mahari vikaja, mafuta ya mawese yakaja, mbuzi wakafungwa nyuma ya nyumba. Na baba yako aliogopa hadithi yako kuliko alivyoogopa Leta. Asubuhi ya ndoa akaniita pembeni: "Mama, shika mukono wake vizuri. Nisije nikasikia ujinga wa gazeti ndani ya nyumba yangu." Nikamuambia, toka hapa, mimi nimewaozesha wangapi?

Nikakaa naye nyuma ya pazia, kanga juu ya kichwa chake, mukono wake katika wangu. Mashahidi wakauliza. Kimya. Nikajitayarisha kukohoa. Wakauliza mara ya pili, na mukono ule ukawa kama kitu kilichotolewa kisimani. Mara ya tatu akasema "Hapana, sitaki," si kwa sauti kubwa, lakini hata waliofunga mbuzi nyuma ya nyumba walisikia.

Sasa ujue mwenyewe kilichotokea barazani. Mwalimu akafunga kitabu. Bwana Amuri akavaa viatu vyake bila kuaga. Baba yako akaingia na fimbo, mimi nikakaa mulangoni, nikamuambia: "Shabani, pita juu yangu. Mimi simupendi Mayasa na hadithi ya mutoto wako siipendi, lakini nyinyi wanaume ndio mulikuja hapa na swali. Swali lenye jibu moja mulileta la nini?" Akasimama pale na fimbo juu. Akatoka.

Usiku ule nilimutoa machozi dada yako kwa maneno makali, Ramazani. Nikamuuliza kama anafikiri yeye ni mutu wa gazeti. Akaniambia, "Bibi, Mayasa alimukataa mutu aliyemupenda. Mimi nashindwaje kumukataa nisiyemupenda?"

Basi sasa nisikilize, mwandishi. Wewe ulimaliza hadithi pale kwenye "hapana" kwa sababu pale ni pazuri. Watu wanashangaa, gazeti linakunjwa. Sisi ndio tunaokaa huku nyuma yake, na huku hakuna picha ya sabuni. Huku vitambaa vinarudishwa mchana, watu wamesimama barabarani kuangalia. Wale wale walioacha muhogo wao kumusikiliza Mayasa wanamuita dada yako mutoto asiye na adabu. Wasichana wengine wanakatazwa kuteka maji naye. Ni Mama Aziza peke yake anayemusalimu kwa jina. Na mavuno yakafika, na safari hii kapita hakutikisa kichwa tu. Akamulaza baba yako chini mbele ya watu, wakamupiga chikoti.

Walimuleta amebebwa. Salima akachemsha maji, akamusafisha mugongo, na baba yako akageuza uso ukutani asimuone. Siku zote zile alimusafisha, na siku zote zile uso ulikuwa ukutani. Mimi nilikaa kati yao na bakuli, nikakulaani wewe. Ndiyo, nilikulaani. Nikasema, kama ungekuwa na akili ungemunyamazisha yule Mayasa na watu wangekula wali wao.

Juma jana wajumbe wa Bwana Amuri wakarudi. Waliingia wakinuka marashi, wakaketi karibu na kitanda cha baba yako, wakasema Bwana Amuri hana kinyongo, binti bado ni mutoto, akubali tu, na kapita ataangalia mahali pengine. Baba yako alikuwa amelala kwa tumbo, nzi juu ya kitambaa. Mimi nilimujua toka akiwa tumboni, na nilijua atasema ndiyo, na sikuwa na nguvu tena ya kukaa mulangoni.

Akasema, "Mumuulize mwenyewe."

Wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Akasema tena, "Iko pale nje. Mumuulize."

Wakamuita. Salima akaingia na mikono ya majivu. Alimuangalia baba yake, na ule mugongo, Ramazani, aliuangalia wote. Nikaona machozi yamejaa, nikajua ameshindwa. Wakauliza. Baba yako akageuza uso toka ukutani, akamutazama, akangoja kama mutu asiyejua jibu.

Salima akasema hapana.

Wajumbe waliondoka wakituahidi mavuno yajayo, nasi tunajua maana yake, chikoti tena. Baba yako hakusema umefanya vizuri. Alisema, "Nipe maji," na Salima ndiye alimushikia kikombe.

Hadithi yako bado inagombaniwa sokoni. Wakiniuliza mimi, ninawaambia mwisho wake ni mubaya na mwandishi alikuwa mvivu, na akiweko mutu mwingine anayesema hivyo ninamufukuza, maana ni haki yangu mimi peke yangu.

Ninakuachia hapa, mume wangu, vidole vimechoka. Kesho ninaingia shamba la pamba mimi mwenyewe, na haya magoti. Nitalima ile sehemu ya mawe, nitachuma mpaka pamba ya mwisho, na siku ya kupima nitamutangulia baba yako na kikapu, kapita akitaka kupiga aanze na mimi. Ninakuahidi hiyo. Na kaburi lako nitalifikia, hata kwa kubebwa, ili nilimwagie maji. Kaa kwa amani, mutoto musumbufu.

Bibi yako wa Kasongo