Mkono wa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Machi 1984
Wagonjwa wawili wa upasuaji nimewapa dawa ya usingizi leo, ngiri na jipu. Wamelala, wameamka, mmoja amenitapikia viatuni. Daktari mgeni anayezungukia hospitali za pwani ametufundisha jambo. Kabla ya kuchoma dawa ya kulegeza misuli, kaza mpira wa kupimia presha mkononi, dawa isifike kiganjani. Mwili mzima haujiwezi, kiganja kinabaki huru. Mwite mgonjwa, mwambie afinye. Akifinya, yu macho. Anasema gesi ya kuchekesha ni laghai, hujui kama imemlaza mtu kweli. Ng'ambo wana mashine ya kusoma ubongo, na hata hiyo inahadaika. Sikumwamini sana. Miaka yote nimetegemea mapigo, jasho na machozi.

Jumatano, 7 Machi, asubuhi
Mama mkwe ameletwa kutoka Adu kwa pikapu ya mahindi. Uvimbe kwenye kizazi umepasuka, damu inavujia tumboni. Mwenzangu wa dawa za usingizi yuko likizo. Nimebaki mimi. Mkwe hashikwi mkono, jina lake halitamkwi, sembuse kuvuliwa nguo mbele yangu. Aliposikia ni mimi alijifunika leso usoni, akageukia ukutani. Kadzo, mke wangu, akamwambia, "Mama, ukifa hiyo heshima nitampa nani?" Akaitikia kwa kichwa. Naogopa.

Jioni
Yu hai.

Presha ilikuwa chini mno. Halothani, mvuke wa kulaza usingizi, kwa kipimo cha kutosha ingemuua. Basi gesi ya kuchekesha, dawa ya kulegeza, na halothani ya kunusa tu. Nilikaza mpira mkononi. Daktari wa upasuaji akapasua. Mapigo yametulia. Jasho hakuna, chozi hakuna. Kwa vipimo vyangu vyote amelala fofofo. Nikashika kiganja, nikaita, "Mama." Kimya. Lakini huku kila mwanamke ni mama. Nikainama sikioni, nikavunja mwiko.

"Sidi. Ukinisikia, finya."

Akafinya. Kwa nguvu, mkono wa jembe.

Mtu mzima yumo humo ndani, tumbo wazi, anasikiliza, na hakuna kipimo kilichoniambia. Damu ilikuwa imeshazuiwa, nikaongeza halothani kidogo kidogo mpaka mkono ukalegea. Sijawahi kumwogopa Mungu namna hii. Je, alikisikia kisu? Nikimtesa mama wa mke wangu, nitaishi vipi nyumbani kwangu? Na kumuuliza siwezi.

Ijumaa, 9 Machi
Nimemtuma Kadzo wodini. Amerudi na majibu. Kisu hakukisikia. Kuvutwavutwa tu, kama nguo iliyonasa miibani. Gesi ilichukua maumivu ikamwachia masikio. Ajabu hii sina pa kuiweka.

Ila mtu alimwita Sidi. Hakuna aliyemwita hivyo tangu baba mkwe afariki. Akajua ni mumewe amemjia. Akamshika asiondoke.

Kadzo akaniuliza kama ni mimi niliyeita. Nikamwambia ndiyo. Akasema tumwache mama na lake. Leo amekunywa uji.