Koki ya Nyuma ya Uwanja

Jumatatu, 5 Septemba 1977
Kuanzia leo mimi ndiye bwana mita. Bwana Bartholomeo, meneja wa uwanja, kasema bili ya maji imezidi. Tusipojua yanakokwenda yatakatwa, na timu ya Iringa ikija itacheza kwenye vumbi. Kanipa daftari na ufunguo wa koki ya nyuma. Nisome mita saa tatu nikimaliza kumwagilia nyasi, nisome tena saa tisa. Hapo katikati isisogee. Darasa la sita niliachia njiani, lakini namba nazijua kuliko yeye.

Jumanne, 6 Septemba
Galoni 380 zimekwenda. Nani? Getini yupo Mzee Zubery, mlinzi, anatawadha kwa birika. Birika tu? Mama Severina wa maandazi naye anaosha vikombe hapo hapo. Wote nawawekea jicho.
Mchana nimekula kwa dada Apolonia, nyuma ya uwanja. Ufunguo wa koki ya nyuma ulikuwa unanichoma paja, nikautundika msumarini, nikalala kidogo. Mumewe, shemeji Faustin, anafyatua matofali. Nyumba ikiisha chumba kimoja changu.

Alhamisi, 8 Septemba
410. Nimemwuliza Mzee Zubery, unatawadha au unaogesha ng'ombe? Mama Severina kacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee kajibu taratibu: mjukuu wangu, birika hili hapa, lipime. Nimelipima. Nusu galoni. Mbona alikuwa na jibu tayari? Ndiyo nimezidi kumshuku.

Ijumaa, 9 Septemba
395. Nimepeleka jina. Mzee kasimamishwa mpaka meneja aone daftari – ikithibitika, kazi basi. Kaondoka. Birika kalisahau.

Jumamosi, 10 Septemba
Getini nimekaa mimi badala yake. Kwa dada sikwenda, nimekula maandazi. Mita haikusogea hata nukta. Nimemnasa! Bwana Bartholomeo kanishika mkono, eti nina akili za afisa. Mama Severina kanirudishia chenji bila kunitazama. Wivu.

Jumatatu, 12 Septemba
Kaja mlinzi mpya, nikaenda kula kwa dada kama kawaida. Saa tisa – 420.
Zubery hayupo. Birika kavu. Nimesoma mara tatu. Mlinzi mpya? Huyo hata choo kilipo kaniuliza mimi.

Jumanne, 13 Septemba
Leo kwa dada sikulala. Nimefumba macho tu. Shemeji Faustin kaingia kwa kunyata, kachukua ufunguo msumarini. Dada kamnong'oneza afanye haraka, nisije nikaamka. Baadaye kaurudisha, una udongo mbichi. Kisha kanitikisa bega, anacheka: amka bwana mita, chumba chako kimefika usawa wa dirisha.
Nimecheka pia. Sijui kwa nini.
Sasa ni saa tisa na nusu. Mita sijaisoma. Kesho asubuhi Bwana Bartholomeo anataka daftari, aandike barua ya kumwachisha Mzee Zubery.
Mzee mwenyewe kapita sasa hivi kuchukua birika lake. Kaniuliza, leo imesema ngapi, mjukuu wangu? Nimemwambia bado. Kasema haya, kasome, mimi sina haraka.
Kakaa kwenye benchi, birika mapajani. Naandika haya nimempa mgongo. Ufunguo nimeufuta kwa shati, udongo hautoki wote.