Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Baba yangu mpenzi,

Nimeolewa! Hukuiona siku yenyewe, kwa hivyo acha nikusimulie. Mume wangu ni Elfas, fundi wako, yule uliyemchukua mara tu alipotoka chuo cha ufundi cha Sigalagala. Mume wangu. Acha niandike tena: mume wangu! Gauni langu lilikuwa na mikono ya puto, mvua ya saa tisa ikatunyeshea tukitoka kanisani, na picha bado ziko studio. Kila ninapoingia chumbani anacheka kama mtu aliyeletewa zawadi. Nina furaha, Baba, mpaka naona haya kukaa nayo hapa kando ya kaburi lako.

Lakini nina wivu. Sijui pa kuupeleka, nimeuleta kwako.

Nalionea wivu gari lako. Lile la kijani la viti viwili, ulilonunua kwa yule Mzungu wa Lugari alipokuwa akifunga shamba. Bado liko kwenye kibanda chako nyuma ya nyumba ya Mama, na kila jioni mume wangu hunibusu haraka haraka kisha huenda kulibembeleza hilo. Mikono yake inazijua nati zake kuliko inavyokijua kidole changu chenye pete.

Na Mama naye! Kwa mila yetu, tangu Elfas awe mkwe, hakanyagi tena jikoni kwa Mama wala hawatazamani usoni, yeye aliyekuwa akila obusuma, ugali wa Mama, hapo kila mchana. Mjumbe sasa ni mimi. Mama akichinja kuku, ananipa sahani nipeleke kibandani, na juu ya nyama zote, Baba, firigisi. Firigisi lako! Wewe ulikuwa ukinikatia nusu kwa siri. Yeye hulimeza zima, bila hata kuniangalia.

Hayo ningevumilia. Kilichonishinda ni kiti cha kushoto.

Unakumbuka nilivyokulilia unipandishe? Ulimpandisha Elfas ukijaribu breki, ukapandisha hata wateja, mimi ukanikatalia. "Gari hili halina paa wala mkanda. Likipinduka, nitamwambia nini mama yako? Siku likipata mkanda, kiti hicho ni chako." Tulikuwa kibandani, wewe na mimi, na Elfas chini ya gari, miguu tu ikionekana. Kisha kifua kikakuchukua kabla mkanda haujafika.

Sasa Elfas anataka kuliingiza gari kwenye mbio za klabu, na gari la wazi haliruhusiwi bila mikanda na rolbaa, lile bomba nene linalopinda nyuma ya viti, kupita vichwa vya watu, ili gari likipinduka lisimamie hilo. Alikataa bomba la maji. Akatafuta chuma kisicho na mshono, akakipinda polepole, akakifunga sakafuni kwa mabamba na bolti. Uzuri wake, Baba! Halafu akaniambia atakayekaa kushoto kumsomea njia ni Nashon, binamu yake wa kiwanda cha sukari Mumias. Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa ramani! Nilisonga ugali mpaka mwiko ukavunjika.

Siku ya kuchomelea kile chuma cha kukingama nyuma ya viti, ambapo mikanda ya mabegani hufungwa, nilimpelekea chai. "Kaa hapo kidogo nipime, Nashon yuko shifti," akasema. "Usijikunje. Kaa kama malkia." Akatia alama ya chaki kwenye bomba, usawa wa bega langu. Nilikaa kama gunia la mahindi, chozi likanidondokea kwenye kikombe.

Jumamosi Nashon akaja, mrefu kama nguzo ya simu. Mikanda ikamvuta mabega chini, akapinda kama ndoano. "Shemeji, hii mlimfungia mtoto?"

Elfas akajifuta mikono polepole. "Aa. Nimekosea."

"Si ukate, uchomelee upya?"

"Chuma ikichomwa mara mbili inakuwa dhaifu. Mzee alinikataza." Mzee ni wewe, Baba. Sauti yake ilishuka alipokutaja.

Nashon akanitazama, akamtazama Elfas, akaangua kicheko. "Basi panda na mwenye mabega yake! Mimi nitawashangilia nikiwa kando ya njia, kwenye miwa."

Nikaketi. Elfas akapiga magoti, akanifunga mkanda mmoja mmoja, begani, begani, kiunoni, kiunoni, akakaza. Ilinikaa vyema kuliko gauni la harusi. Na hapo, Baba, ndipo nilipokumbuka ile miguu iliyochomoza chini ya gari siku uliponiahidi.

Elfas hakosei vipimo. Unamjua, ulimfunza wewe.

Sijamuuliza. Sitamuuliza kamwe. Nikimtazama anajifanya anatafuta spana, na masikio yake yanakuwa moto. Nampenda, Baba, nampenda mpaka naogopa!

Gari bado nalionea wivu kidogo, na firigisi nitaanza kulidai nusu. Lakini kiti ni changu. Siku ya mbio nitajifunga leso yako shingoni, na nitaitaja kila kona kwa sauti ya kukufikia: kushoto, daraja, polepole. Nakuahidi sitafumba macho.

Pumzika sasa, Baba. Mkanda umefika.

Binti yako,
Rispa