Mkono wa Bi Zuhura

Jumatano. Asubuhi kulinyesha, mchana jua likawaka kama vile hakukuwa na mvua yoyote, na sasa upepo mzuri unaingia dirishani na kupeperusha karatasi zangu. Nimezikandamiza kwa kikombe cha chai. Nina furaha, na naiandika hivyo hivyo bila kuzungukazunguka, maana tangu Jumapili nilikuwa nafungua ukurasa huu na kuufunga kwa aibu.

Wanaopita hapa kunisoma wanaijua kazi yangu. Nachonga picha kwenye ubao, napaka wino, nalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Nikiibandua, picha imehamia kwenye karatasi. Mwaka huu nimechapa mji wangu wa Bagamoyo: Boma, Ngome Kongwe, mnara wa kanisa la misheni, nyumba za Mtaa wa India na milango yake. Jumapili asubuhi nilizitundika zote kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mzee Karim. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Kila mtu alikuwa anatafuta nyumba ya kwao.

Sasa, ubao una hila zake. Unachokichonga kulia kinatoka kushoto. Ndiyo maana kila nyumba naichora kwanza kwenye karatasi nyepesi, naigeuza karatasi, ndipo nainakili kwenye ubao. Kwa Mtaa wa India nilifanya hivyo kwa umakini wa kuudhi, nikahesabu hata misumari ya milango. Nilipomaliza nikaona kona moja ya chini imebaki tupu. Nikamweka hapo Bi Zuhura, mama wa vitumbua, ameketi mbele ya kikaango chake akimpa mteja kitumbua kwenye kipande cha gazeti. Nilimchora moja kwa moja kwenye ubao, kutoka kichwani tu, kwa sababu namjua. Nimekula vitumbua vyake tangu darasa la kwanza.

Sikumgeuza.

Mzee Karim ndiye aliyeona. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Binti," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu mama anatoa chakula kwa mkono gani?"

Nikatazama. Kushoto. Bi Zuhura, ambaye hata chenji hawezi kukurudishia kwa mkono wa kushoto, nimemtundika katikati ya mji akilisha watu kwa mkono ambao sote tunaijua kazi yake.

Niliishusha picha papo hapo, lakini kuna mtu alikuwa ameshaipiga kwa simu na kuirusha kwenye kundi la mtaa. Kufika jioni utani ulikuwa umejaa. Mmoja kaandika kwamba sasa ameelewa kwa nini tumbo lilimsumbua mwezi uliopita. Wengine wakamwekea vikatuni vya kucheka. Mimi nililala chali kitandani nikitazama bati.

Jumatatu Bi Zuhura hakutoka. Pale kwenye kona yake palikuwa na mafiga na majivu yaliyopoa, basi. Jumanne vilevile. Huyu ni mwanamke asiyekosa kazi hata mvua ikinyesha, hujisogeza tu chini ya ukingo wa bati na kuendelea. Siku hiyo nilipita pale mara nne nikijifanya nakwenda sokoni. Nakiri pia kwamba nilifikiria kuhamia Dar kwa dada yangu kwa muda, mpaka watu wasahau.

Jana nikamwambia Mama. Hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Alisema tu, "Kesho tunakwenda kumwomba radhi. Na hatuendi mikono mitupu."

Kwetu kijana haendi peke yake kuomba radhi kwa mtu mzima. Anakwenda na mkubwa wake. Mkubwa anafungua mazungumzo, mkosaji anamalizia. Basi leo mvua ilipokatika tukatoka, Mama na kilo mbili za sukari, mimi na ile picha ndani ya bahasha.

Tukapiga hodi. Bi Zuhura akatufungulia mwenyewe, uso umechoka lakini una nuru. Shikamoo, marahaba, za siku nyingi, wa nyumbani hawajambo. Tukaketi mkekani. Mama akakohoa kidogo, tayari kuanza, lakini mwenyeji wetu akamtangulia.

"Kumbe habari zimeshafika? Mwanangu kajifungua, kule Mbegani. Jumapili wakaja kunichukua mbio mbio, hata picha za binti yako sikuwahi kuziona. Nimerudi leo kuchukua nguo tu. Mtoto wa kike, mzima, alhamdulillahi."

Hakuwa na habari. Simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Siku mbili nilizokuwa nakufa kwa aibu, yeye alikuwa anaogesha mjukuu.

Mama yangu, Mungu amweke, hakupoteza hata dakika. "Ndiyo tukasema tulete sukari kidogo ya uji wa mzazi," akasema, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kisha, bila kunitazama, akanifinya paja.

Nilimwelewa: nisiseme kitu. Ningeweza kunyamaza, tukanywa chai, tukarudi zetu. Nafuu niliyoipata pale ilikuwa kubwa mpaka machozi yakanilenga. Lakini nikafikiri: mama huyu atarudi kwenye kona yake, mteja wa kwanza atamtania, naye hatajua anachekwa kwa nini. Kosa la kwanza nililifanya bila kujua. Hili ningelifanya nikiwa nimekaa, nakunywa chai yake.

Nikatoa bahasha. Nikamweleza yote: ubao unavyogeuza, kona iliyobaki tupu, kundi la mtaa, hata ule utani wa tumbo. Sauti ilinitoka nyembamba.

Akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akaishika picha mbali na macho. Mama alikuwa amevutiwa ghafla na ukingo wa mkeka.

"Kanga umeipatia," akasema mwishowe. "Watu wanakula kutoka mkononi mwangu, mwanangu. Sina duka, sina kibao. Duka langu ni huu." Akaunyanyua mkono wa kulia.

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananifahamisha, na hapo ndipo paliponichoma. Zile nyumba, ambazo nyingine hazina hata mtu ndani, nilizipima kwa rula. Yeye aliye hai nilimtumia kujazia kona.

Nikamwomba radhi, safari hii si kwa kuogopa maneno ya watu.

"Nimekusamehe, duniani na akhera," akasema. Halafu akaisogeza picha karibu na macho, akakunja uso. "Lakini hivi vitumbua, mbona vidogo hivi? Watu watasema nawapunja."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na sisi wawili tukamfuata.

Hakutuacha tuondoke hivyo. Alitoa kikaango, kikiwa baridi, akaketi nacho ili nimwone vizuri. Gazeti linashikwa kushoto, kijiti cha kugeuzia kiko kulia. Kitumbua kinaopolewa, kinatua kwenye gazeti, kijiti kinawekwa chini, gazeti linahamia mkono wa kulia, ndipo mteja anapewa. Akafanya mara tatu, polepole, na vitumbua vya hewa. Miaka yote nimepokea vitumbua kwa mama huyu na sijawahi kuona kwamba gazeti linahama mkono. Linahama kwa ajili yangu, na kwa kila anayefika pale.

Mchana niliikata ile kona ya ubao kwa msumeno mdogo, nikachonga kipande kipya, nikakipachika mahali pake. Mara hii nilimchora kwenye karatasi nyepesi kama nyumba zote, nikaigeuza, nikahakikisha, nikahakikisha tena. Vitumbua nimevinenepesha.

Karatasi ya kwanza ilipotoka niliilaza mezani, nikasimama mbele yake kama mteja na kunyoosha mkono wa kulia. Mkono wake ukanijia unavyotakiwa. Nimekaa hapa kiasi cha saa nzima nikiitazama, nikitabasamu peke yangu.

Mzee Karim ameniambia kamba bado ipo, niitundike hata kesho asubuhi. Nimekataa. Kesho asubuhi picha inakwenda Mbegani kwanza, kumwona mtoto na kuonwa na Bi Zuhura mwenyewe. Na akisema vitumbua bado ni vidogo, nitachonga tena.